Mwambie Anayekujua

Kiangazi kikishika huku Kibondo, maharage yakishapigwa na kutiwa kwenye magunia, msimu wa mikutano ya injili huanza. Gari lenye spika juu hupita mtaa kwa mtaa likitangaza jina la mhubiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Jukwaa husimamishwa karibu na soko, kwaya hupanda kwa zamu, jenereta hunguruma mpaka jua litue. Sina ugomvi na mikutano hiyo. Nimeimba kwenye majukwaa yake tangu ujana. Kinachonisumbua ni siku zinazofuata. Mgeni akishaondoka, sisi wenyeji hurudi kwenye shughuli zetu tumeridhika kwamba neno limekwisha kusemwa. Tulichanga hela ya mafuta, tulipika, tulipanga viti. Kusema tulimwachia yeye, na yeye ndiye mtu pekee pale uwanjani ambaye hakuna aliyemjua.

Mimi ni muuguzi mstaafu na mama wa UMAKI, umoja wa akina mama katika Kanisa Anglikana. Nilizaliwa upande wa Kasulu, nikaolewa na kufanya kazi Kibondo. Sijasomea uchungaji. Naandika kwa ajili ya walei wenzangu wanaokaa kimya: mwalimu, fundi wa baiskeli, muuza mawese, kijana wa bodaboda. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: imani yenu isemeni, tena kwa mdomo, lakini isemeni mahali mnapoweza kuulizwa maswali, na kwa mtu anayeweza kuinuka akaenda zake. Ushuhuda ukikosa la kwanza unakuwa tangazo. Ukikosa la pili unakuwa shurti.

Historia ya kwetu inaniunga mkono. Wamisionari walikuja, na sitaki kuwanyima heshima yao. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walianza kazi Buha, nchi yetu Waha, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mapadri Weupe wakajenga misheni zao, Kabanga ikiwa mojawapo. Wasabato wakaanzisha Heri upande wa Manyovu. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS kutoka Australia nao wakaja. Mwaka 1966 tukapata dayosisi yetu, Western Tanganyika, makao yake Kasulu, na askofu wake wa kwanza akawa Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania. Hayo yameandikwa. Ambayo hayakuandikwa sana ni jinsi neno lilivyotoka misheni likafika kwenye mji wa mtu aliyekaa milima mitatu kutoka barabarani. Mmisionari na katekista wake wasingeweza kuingia kila mji. Mara nyingi neno lilifika na mtu aliyekuwa anarudi kwao.

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Miaka ya hamsini alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama walivyokwenda maelfu ya Waha. Aliondoka usiku, na nyuma yake aliacha deni: alikuwa amemuuza mbuzi wa baba yake mdogo bila ruhusa ili apate hela ya njiani. Huko Korogwe alibatizwa. Aliposhuka treni Kigoma siku ya kurudi alikuwa na blanketi mbili, baiskeli, na jina jipya. Watu wa nyumbani walikuwa wakimsubiri awasimulie mambo ya Tanga. Yeye alipitia mnadani kwanza, akanunua mbuzi jike mwenye mimba, akamkokota mpaka kwa baba mdogo. Akamwambia, "Huyu ni yule niliyemuuza. Aliye tumboni ni wa miaka niliyokuweka."

Mzee hakujibu. Alimzunguka mbuzi, akainama akamshika kiwele, akamkagua meno, kisha akaketi. Ndipo akauliza, "Huko Korogwe wamekufanya nini?"

Hapo ndipo baba alipoanza kueleza, kwa Kiha, kwa dakika chache, na mzee hakumwacha amalize. Alitaka kujua nani aliyemlazimisha. Alitaka kujua kama alinyweshwa dawa. Alitaka kujua mizimu ya wazee wao itatunzwa na nani, ikiwa vijana wote watarudi na majina ya Korogwe. Swali hilo la mwisho baba hakuwa na jibu lake, akasema hana. Mzee akamwambia, "Maneno yako sijayaelewa. Mbuzi nimemwona." Mke wa mzee yule alibatizwa baadaye, pamoja na baadhi ya watoto wake. Mwenyewe hakubatizwa mpaka anakufa, na baba alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi lake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona kiti chake kikikosekana kwetu.

Mbuzi yule hakuwa wazo la baba peke yake. Wakati ule Uamsho ulikuwa umeshaenea, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, kwa watu kama daktari Joe Church na mwalimu Blasio Kigozi, aliyefariki Januari 1936 akiwa bado kijana, ukapita Uganda na Burundi na kuingia Tanganyika. Wengi tunaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Tunasahau kwamba walioguswa na Uamsho walirudisha vitu: majembe, fedha, vitabu vya shule, mali za waajiri wao. Waliungama mbele ya watu wale wale waliowakosea, na hata wasiokuwa Wakristo walisimama kusikiliza, kwa kuwa habari iliwahusu; kuku wao walikuwa wanatajwa. Uamsho ulikuwa na dosari zake. Wapo waliojiona bora kuliko kanisa zima, na wapo waliogeuza kuungama kuwa mashindano. Hata hivyo wale ndugu walielewa jambo tunalolikwepa leo, kwamba wa kwanza kuambiwa ni yule aliyetuona tukiwa vibaya.

Maandiko yanasema vivyo hivyo. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yule mtu aliyekuwa akiishi makaburini aliponywa, akamsihi Yesu amruhusu kufuatana naye. Yesu akakataa. Akamrudisha nyumbani, kwa watu waliomfunga minyororo kwa mikono yao, akawaeleze aliyotendewa. Katika Yohana 4, mwanamke Msamaria aliacha mtungi wake kisimani akawaendea watu wa mji uliojua idadi ya waume zake. Hakuwa amesoma hata somo moja la kipaimara. Aliwaambia kilichomtokea, akawaachia swali, wakaenda kujionea. Mwishoni wenzake wakamwambia kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe, wala si kwa maneno yake tena. Sioni sifa kubwa zaidi ambayo shahidi anaweza kupewa.

Najua kwa nini tunakwepa. Jirani anajua tulivyochelewesha marejesho ya kikoba. Alisikia tulivyogombana na wifi mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Anamjua mtoto wetu aliyeacha shule. Mhubiri mgeni hana mzigo huo, na kwa sababu hiyo neno lake ni jepesi kulisema na jepesi kulisahau. Mimi na wewe tukisema, jirani atalipima neno kwa yale anayoyajua. Acha alipime. Kama imani yetu haiwezi kusimama mbele ya mtu anayetujua, spika haitaisimamisha.

Wapo wanaonijibu, "Mama, maisha yangu ndiyo mahubiri yangu." Kauli hiyo naiheshimu, maana mdomo bila mwenendo ni kelele. Lakini niliwahi kuishi hivyo wodini kwa muda mrefu, nikaona mwisho wake. Mgonjwa aliyehudumiwa vizuri alisema, "Nesi huyu ana moyo," na sifa yote ikabaki kwangu. Tendo lisilosemewa neno humsifu mtendaji. Ikiwa kinachonifanya nimgeuze mgonjwa kitandani saa tisa ya usiku, bila kununa, ni kwamba mimi mwenyewe nilisamehewa, basi nikinyamaza siku zote nimejichukulia sifa ya mwingine.

Wengine hunyamaza kwa kuwa hawajui waseme nini. Wanadhani lazima waanze na Mwanzo na kumaliza na Ufunuo. Hapa naomba niseme kama muuguzi. Tulifundishwa kuandika ripoti ya zamu. Ukiandika "mgonjwa anaendelea vizuri" hujaandika kitu. Unaandika: amekunywa uji nusu kikombe saa moja asubuhi, joto 38.4, amekojoa mara mbili, ameongea na mama yake. Anayepokea zamu anataka ulichokiona. Ushuhuda wa mlei uwe ripoti ya zamu. "Yesu ni jibu la matatizo yote" ni sawa na "anaendelea vizuri". Mimi nina hili: mume wangu alipofariki nilishindwa kabisa kusali. Akina mama wenzangu walikuja kila Alhamisi, wakakaa jikoni wakichambua maharage yangu, wakasali badala yangu. Nami nilikaa kimya tu. Siku moja nikajisikia nimeitikia amina, na sauti ilikuwa yangu. Hilo ndilo nililoliona. Anayetaka kulihakiki aende akawaulize akina mama hao. Wengi wao wako mtaani hapa hapa.

Ripoti nzuri pia haisemi usichokiona. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wapo waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi, wameshikilia ushuhuda wa watu waliotangaza kupona kabla ya kupima. Sisi wauguzi tunajua walivyorudi kwetu. Mtoto wako akiugua malaria, ukamwombea, ukampa na dawa ya mseto, akapona, sema yote mawili. Mungu hapungukiwi sifa kwa sababu ya dawa ya mseto.

Nije kwenye sharti la pili, la mtu anayeweza kuinuka akaenda zake. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka, maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kwenye ukingo wa ziwa. Kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawasomba kuwaleta Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nyarugusu ikafurika, na Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta, hapa Kibondo, ikafunguliwa upya. Nilikuwa nikihudumu kwenye hema la wagonjwa kule Nduta. Siku moja kikakaribishwa kikundi cha maombi, sitakitaja, kikiwa na maboksi ya sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Wakaomba kwa sauti kubwa, wakauliza nani anampokea Yesu leo, na walioinua mikono wakapewa sabuni kwanza.

Bibi mmoja alikuwa pale na mjukuu wake aliyetundikiwa dripu. Aliinua mkono wake, akauinua na wa mtoto, akapata vipande viwili. Wageni walipotoka akanivuta gauni, akaniambia kwa Kirundi, ambacho kwa Mha hakihitaji mkalimani, kwamba wiki hii ameokoka mara ya tatu na sabuni yake sasa itamfikisha Krismasi. Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaniambia kwamba alibatizwa utotoni, Muyaga, na akanionyesha rozari aliyoificha chini ya mkeka. Muyaga, huko Burundi, ni misheni ya Mapadri Weupe ya tangu 1898. Wale wageni walikuja kumwokoa mtu ambaye familia yake ilikuwa inasali kabla kanisa lao halijaanzishwa. Hakuna aliyemuuliza.

Mgonjwa mwenye dripu mkononi hawezi kuinuka akaondoka. Mwenye njaa hawezi kumkatalia mwenye unga. Ndiyo maana kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada walizikubali mwaka 1994 zinakataza msaada kutumika kuendeleza msimamo wa kidini. Mashirika ya Kikristo yaliyotumika kwenye kambi zetu, kama TCRS iliyoanza kuhudumia wakimbizi nchini tangu 1964, yaligawa bila kuuliza dini ya mtu. Kuna Wakristo wanaoliona hilo kuwa woga. Mimi naliona kuwa utii. Mtu mwenye njaa anapewa chakula kwa sababu ana njaa, na hiyo sababu inatosha. Mimi mwenyewe sikumhubiria mgonjwa aliye kitandani. Aliyeniuliza nilimjibu kwa maneno machache, na aliyetaka zaidi nilimwambia, "Ukishatoka hapa, karibu nyumbani."

Wala kambini injili haikukosa midomo. Wakongo wa Nyarugusu waliimba na kuhubiriana chini ya maturubai tangu miaka ya tisini, na sauti za kwaya zao zilivuka mpaka kwa wenyeji wa Makere. Walikuwa wakimbizi mbele ya wakimbizi wenzao. Hawakuwa na sabuni ya kugawa, na aliyechoka kuwasikiliza alirudi kwenye hema lake bila kupoteza chochote. Kwangu mimi hao ndio wainjilisti niliowaona kambini.

Yesu mwenyewe aliacha watu waondoke. Yule tajiri aliyeambiwa auze mali yake alikwenda zake kwa huzuni, wala hakufuatwa na ofa iliyopunguzwa. Katika Yohana 6 maneno yalipokuwa magumu wanafunzi wengi walirudi nyuma, naye akawageukia wale kumi na wawili kuwauliza kama wao pia wanataka kuondoka. Katiba yetu, ibara ya 19, inaweka kutangaza na kueneza dini kuwa jambo huru na la hiari ya mtu. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini. Kwa hiyo katika jambo hili Mkristo wa Kasulu, Mwislamu wa Ujiji na sheria ya nchi wanaweza kukaa mkeka mmoja.

Linabaki swali la kiburi. Je, kumwambia mtu mwenye dini yake habari za dini yangu si kumdharau? Jirani yangu ni Mwislamu, asili yake Ujiji, anauza migebuka na dagaa. Ramadhani hunigawia futari; Krismasi sahani yangu huvuka kwake. Kwa miaka mingi hatukugusa dini. Baada ya kumzika mume wangu alikuja kukaa nami, na jioni moja akaniuliza, "Mwenzangu, usiku ukiwa peke yako humu ndani, unamwambia nini Mungu?" Nikamweleza, na jina la Yesu sikuliruka. Kisha nikamuuliza yeye humwambia nini, naye akanieleza, na jina la Mtume hakuliruka. Yeye angependa niwe kama yeye, mimi ningependa awe kama mimi, na sote wawili tunalijua hilo vizuri. Hakuna aliyedharauliwa. Dharau ningeiona kama ningekula futari yake miaka yote hiyo huku nimeamua moyoni kwamba jambo ninalolithamini kuliko yote halimhusu. Na mtu asiyevumilia kuambiwa ya mwenzake asidai kusikilizwa ya kwake.

Basi, mpendwa mlei, chagua mtu mmoja anayekujua. Kama unahitaji msamaha wake, au yeye anakudai hela, anzia hapo. Usimvizie. Nafasi huja yenyewe: msibani, shambani wakati wa kupalilia, kwenye benchi la kliniki, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Akikuuliza, sema uliyoyaona, kwa sauti unayotumia kuomba chumvi, kwa Kiswahili au Kiha cha nyumbani. Muulize na yeye. Usilolijua, sema hulijui, kama baba yangu alivyokiri kwa mzee wake. Na ninyi wachungaji mnaopanga mikutano, kabla ya mgeni kupewa kipaza sauti, mpandisheni jukwaani fundi wa baiskeli wa hapa hapa aseme kwa dakika tano, na wateja wake wawe mbele wanamtazama.

Akikataa, kesho yake asubuhi mwamkie "Mwakeye" kama ulivyomwamkia jana, na sahani iendelee kuvuka. Usipungue kwake, wala usimfanye kazi isiyokamilika unayopaswa kuirudia kila wiki. Urafiki ukipoa kwa sababu amekataa, atajua kwamba ulikuwa chambo, na atakuwa na haki ya kutoamini neno lolote tulilomwambia, mimi, wewe, na hata mhubiri wa kutoka Mwanza. Usipopoa, atakuwa na jambo moja zaidi la kutuuliza, na anajua tunapokaa.